Kaburi Refu Kando ya Zizi

Ngulyati, Bariadi
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Dastan,

Mwadila, kaka. U mzima huko Moroko? Goti lako limepoa? Sisi tunaendelea kuchuma pamba, afya si mbaya, isipokuwa baba.

Umeuliza kwa nini alikukatia simu. Naandika kwa sababu ukipiga yeye hukaa karibu, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Kaka, timu zako zimetuchosha. Kampala, Lubumbashi, Maputo, kila msimu jezi nyingine na namba nyingine ya simu. Mama akilizoea jina la timu, umeshahama! Sisi tulikujua kwa ile picha ya ukutani tu, jezi ya kijani, namba kumi na nne.

Mwezi wa pili mjomba Bujiku alikuja analia, simu mkononi. Basi la timu ile lilikuwa limepinduka, na pichani jeneza limefunikwa jezi ya kijani, namba kumi na nne. Hatukujua ulishaondoka, na jezi kapewa mwingine. Simu yako haikupatikana. Tukanyoa nywele. Baba akasema mwanawe hawezi kukosa mahali nyumbani, akachimba kaburi kando ya zizi, refu kuliko yote, tukazika viatu vyako vya zamani.

Pasaka ukapiga. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Baba hakuamini. Anasema yule kijana aliyekufa tulimlilia kwa jina lako, na sasa ndiye analiitikia kwenye simu. Mwanawe mwenyewe, kama yu hai, atakuja kwa miguu. Ndiyo maana ulipomsalimia kwa Kisukuma, alikujibu Kiswahili kama mgeni: "Pole, kijana. Kwenu ni wapi, tukusindikize?"

Kila jioni hupeleka maji kaburini. Hali chakula vizuri, mwili umemwisha. Naogopa, kaka. Hata mimi juzi uliponitania, nilibana simu sikioni kwanza. Nilikuwa nasikiliza kama ni wewe.

Njoo kabla hujapewa jezi nyingine. Mlango wa baba bado ni ule ule mfupi, na ni wewe tu unayegonga kichwa pale kila siku na kucheka. Acha akuone ukiinama. Kisha mfukue viatu vyako pamoja.

Mama, bibi Nyanjige na mjomba wanakusalimu. Mjomba anaona aibu. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye, ambaye sauti yako haimtoshi tena,
Kabula