Ulimwambia Somoe Anakuja Kutembea

Sudi, wakati wa kuokota korosho

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kabla ya yote nakuulizia magoti. Yanakubali kuinama siku hizi, au bado unapalilia umekaa? Na lile jicho lililokuwa likitoa machozi? Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe. Athumani ameota meno mawili ya chini na ananing'ata akinyonya, nikipiga kelele anacheka. Baba yake, Hamisi, yuko palepale njia panda kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Kazi ipo, maana korosho zikianza kununuliwa kila mwenye baiskeli mbovu anaikumbuka.

Kaka Bakari, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Nakuomba usome kama nilivyoandika, usiruke mahali kwa kumwonea huruma. Mwandiko wangu unaujua, darasa la saba ndiyo mwisho wangu. Pakikushinda, rudia.

Sasa Mama, habari ya Somoe.

Alifika salama na shangazi Mwanahawa, aliyekuja kununua samaki wakavu, na ndiye huyohuyo anayekuletea barua hii. Vumbi tupu mpaka kwenye kope. Kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Shikamoo dada Zai, mama anakusalimu, amesema kama umekonda nipime mwenyewe." Akanishika mkono akaupima kwa vidole vyake. "Umenenepa," akasema, "nitamwambia." Nilicheka Mama, nikamkumbatia, na nikaona ananukia kama wewe, moshi wa kuni na mafuta ya nazi.

Unajua nimekuandikia kwamba huku nalima mwani, lakini sijui kama uliniamini. Shamba lenyewe liko ufukweni. Maji yakitoka tunachomeka vijiti mchangani, tunavuta kamba kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba tunafunga vipande vya mwani. Maji yakirudi yanaufunika, unakua humohumo. Ukikomaa tunavuna, tunaanika, anakuja mnunuzi na gari lake kutoka mjini. Zamani ungeambiwa watu wananunua majani ya bahari kwa magunia ungecheka, ila siku hizi kila kitu kina mnunuzi. Pesa yake ndiyo tunanunulia sabuni na sukari, na ndiyo nimenunulia mabati ya chumba kimoja.

Basi nikampeleka Somoe akalione shamba, maji yakiwa nje. Akatembea katikati ya mistari mikono nyuma, kama bwana shamba. "Dada, mistari yako imenyooka kuliko ya mama," akasema, "lakini usimwambie." Tukarudi nyumbani nikaanza kupika. Mara simwoni. Nikatoka, nasikia kelele ufukweni: "Dada Zai! Dada Zai! Shamba limezama! Njoo na jembe jingine!"

Mama, nilimkuta amechukua jembe la Hamisi, anachimba mfereji kwenye mchanga. Maji yalikuwa yanajaa, na yeye anayatafutia njia ya kutokea, vilevile ulivyomfundisha kwenye mpunga wa bondeni mvua ikizidi. Anachimba, bahari inafukia. Anachimba tena, jasho linamtoka, amekasirika kwelikweli. Wanawake waliokuwa wanaanika walicheka mpaka wakakaa chini. Jirani yangu Mama Chausiku, Mmakonde wa Newala, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akamwambia, "Chimba mjukuu wangu, chimba! Yakifika kwenu Kikole mtupigie ngoma tusikie!"

Somoe akainuka na jembe lake. "Mnacheka nyie. Mama yangu angekuwa hapa angeshayatoa."

"Mama yako si huyu amesimama?"

"Huyu dada."

Mama Chausiku akanitazama, akaona uso wangu, akaanza kukung'uta mwani ambao hauna hata mchanga. Mimi nikachukua jembe, nikamweleza Somoe kwamba mwani unataka kuzama, usipozama unakufa. Akanisikiliza, akasema, "Sasa mbona hukuniambia mapema? Nimechoka bure."

Mimi sikuona vibaya Mama, na wewe usione vibaya. Kwetu mtoto wa kwanza hulelewa na bibi, mimi mwenyewe nililelewa na bibi mpaka nikaota meno ya pili. Nilikuwa mdogo nilipomzaa Somoe, na baba yake alipoondoka wewe ndiye uliyemwachisha ziwa, ukamlaza mgongoni kwako. Alianza kusema akiwa kwako. Akuite nani kama si mama? Jina hilo ni lako.

Lakini shule ndiyo imetuletea mtihani. Nilimpeleka kuandikishwa. Mwalimu mkuu akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Kidole kikafika, na Somoe akavuta lile sikio kuonyesha kwamba limeshikwa. Mwalimu akacheka. Akamuuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

"Binti Saidi. Yuko Kikole, Kilwa."

Mimi nimesimama pale na Athumani mgongoni. Mwalimu akanigeukia. "Na wewe ni nani wake?"

Somoe akanijibia kwa heshima zote: "Huyu ni dada yangu, nimekuja kumtembelea. Analima baharini."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Si mtu mbaya, hakuninyanyasa. Akasema, "Dada, mtoto anayetembea siwezi kumwandikisha. Nikimpa nafasi halafu akaondoka, nimemnyima mwingine. Kaeni nyumbani mwelewane, mrudi kabla shule haijafunguliwa."

Tukarudi. Nikamweleza mama mkwe wangu, naye akasema makosa ni yangu, namdekeza. "Mnyime ubwabwa siku moja tu," akasema, "ataita mama mpaka uzibe masikio." Nikamjibu, "Hapana mama, sitaki kuitwa kwa njaa." Akaguna, akasema wanawake wa Kilwa tuna vichwa vigumu. Hamisi alikuwa anaziba pancha, hakuinua kichwa, akasema tu, "Mkiwa na vichwa vigumu wawili humu ndani, mimi nahamia kibandani." Baadaye nikamkuta anamtengenezea Somoe kigari cha magurudumu ya makopo. Anampenda Mama, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Sasa nifike mahali penyewe. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya mihogo, mimi na yeye tu, mtoto amelala. Nikamuuliza, "Somoe, hapa unapapenda?"

"Napapenda."

"Na Athumani?"

"Nampenda, ila udenda wake mwingi."

"Ungependa usome hapa?"

Akamenya mhogo mzima. Unamjua anapofikiri, ulimi unatoka pembeni. Halafu akasema, "Mama aliniambia nakuja kutembea. Hakuniambia nakuja kukaa. Nikikaa bila yeye kuniambia atanisubiri. Atafungua mlango, haoni mtu. Atafunga, atafungua tena."

Mama, kila asubuhi anakunja nguo zake anazifunga kwenye ile kanga yako, anaweka fundo, anasogeza karibu na mlango. Mimi nilidhani ni usafi. Kumbe anakungoja utume mtu wa kumfuata.

Nakumbuka ulivyoniambia jikoni kwako nilipokuja Idi. Ulisema, "Mchukue, wakati umefika. Mimi nazeeka na wewe una nyumba." Ulisema mwenyewe, sikukulazimisha. Lakini shangazi ananiambia lori lilipokuja ulimwinamia ukamwambia, "Nenda kamtembelee dada yako, uje unisimulie." Sikulaumu. Mimi nilipomwacha kwako sikuweza kumwambia hata neno, na yeye hakuwa na maneno ya kuniuliza. Sasa anayo. Na neno langu halitoshi, kwa sababu aliyempa ruhusa ya kutoka mlangoni ni wewe.

Ninachoomba si kwamba aache kukuita mama. Hata akiniita dada mpaka siku ya kuchezwa unyago, mpaka anaolewa, nitaitika. Ninachoomba ni umwambie ukweli wake. Kama moyo wako unasema akae, mwambie akae, na umwambie kwamba wewe hutabaki ukifungua mlango. Bakari amehamia hapo uani, na mkewe atakuchotea maji, mwambie na hilo, maana hilo la maji linampa Somoe wasiwasi. Na kama moyo wako umegeuka, sema pia. Nitamrudisha mwenyewe kwa mkono wangu, nitalala kwako, na hatutagombana. Ila usimwambie tena kwamba anatembea. Mtoto anaishi karibu na mlango.

Mimi natamani akae, siwezi kukuficha. Nimeshapata sketi ya mtumba nimeipunguza kiuno. Darasa la kwanza lina mwalimu mwanamke, anafundisha kwa nyimbo. Nawaza asome apite pale nilipoishia mimi. Likizo zote atakuja kwako, nauli ya lori haitanishinda mwani ukiendelea hivi. Nikimwona anamwimbia Athumani zile nyimbo zako za Kimatumbi, maneno nusu anayakosea, najiona mtu mwenye bahati.

Nisalimie kaka Bakari anayesoma hapa, na mkewe, mwambie nakuja kumsaidia kupanda mvua zikikubali. Nisalimie mjomba wa kule mlimani Kipatimu akishuka sokoni, mpe pole ya kifua. Nisalimie bibi jirani aliyenifundisha kusuka ukili, mwambie mkeka wangu wa kwanza bado naulalia. Na baba mdogo wa msikitini nisalimie, namwomba dua.

Shangazi Mwanahawa atarudi huku kwa samaki kabla shule haijafunguliwa, kwa hiyo jibu lije naye.

Nilikuwa nimemaliza, lakini Somoe amekaa ubavuni kwangu anataka na yake yaandikwe. Nayaandika kama anavyoyasema.

"Mama shikamoo. Maji ya bahari nimekunywa, ni ya chumvi kweli. Kuku mwekundu asichinjwe. Dada Zai hajakonda. Kama natembea, nitakuja na shangazi, nitakusimulia yote. Kama nakaa, mpe shangazi kile kinu changu kidogo aniletee, na mchi wake. Usilete mchi peke yake. Nisipokiona kinu nitajua. Nikikiona pia nitajua, na sitalia sana."

Amesema nisiongeze kitu. Sijaongeza.

Ni mimi mwanao,
Zainabu