Dani Amenyonya kwa Dada

Jumatatu, jioni. Babati leo kuna baridi ya kuvaa sweta, na wingu limeligandia ziwa tangu asubuhi.

Leo nimerudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Kuongoza watalii Tarangire ndiyo kazi niipendayo, lakini nilipomwacha Dani wangu kwa dada yangu kule Bonga, nililia juu ya bodaboda mpaka stendi. Mtoto huyu hataki chupa, hataki kijiko. Mimi na Baba Dani tulishakubaliana: leo akigoma, naacha kazi.

Mchana tukakuta simba jike wawili kivulini. Mmoja amejilaza, watoto wote wamemng'ang'ania, wakubwa kwa wadogo. Mgeni akauliza mama ni yupi. Nikamweleza kwamba majike wa kundi moja ni ndugu, huzaliwa humo na kubaki humo. Madume ndio huja na kuondoka. Wakizaa kwa kukaribiana hulea pamoja, na mwenye maziwa hunyonyesha hata wa mwenzake.

Nilieleza vizuri sana, huku blauzi imelowa maziwa chini ya koti.

Nafika Bonga, mlango uko wazi. Dada ameketi kwenye kigoda, Dani kifuani kwake, ananyonya kwa raha zake.

Niliona wivu. Wivu wa kutaka kumnyakua.

Dada wala hakushtuka. "Amelia mpaka sauti imekauka, Mama Dani. Ningemwangalia tu?"

Ya simba nayajua, ya kwetu ndiyo yalinishinda. Nikamwita mwanangu. Akageuka, akanicheka, maziwa yakimchuruzika kidevuni, kisha akarudi kwenye titi la mama yake mkubwa. Mtoto hana haya huyu, na ninavyompenda!

Kifua kilikuwa kimejaa, kinauma. Yohana, mtoto wa dada, ambaye sasa anatambaa, akaja akashika suruali yangu ya kazi na kujivuta juu. Nikamtazama dada. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea mkeka.

Yohana amenyonya mpaka akasinzia. Tulikaa hivyo, kila mmoja na mtoto wa mwenzake, chai inapoa jikoni na hakuna aliyetaka kuinuka. Wivu sikuuona tena. Nilimpenda dada yangu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Baba Dani amepiga simu kuuliza tumeamuaje.

Nimemwambia kesho naenda kazini.