Mkwaruzo Usoni pa Mama

Gent, Ubelgiji
14 Novemba

Mpendwa dada Godelieve,

Salamu nyingi. Goti lako laendeleaje na baridi ya huko Kanada? Huku tu wazima, ila nina hasira, na mtu wa kwanza wa kukasirikiwa ni mimi.

Unakumbuka ile picha uliyompiga Mama jikoni Ostende, anamenya kamba wa baharini, kabla hajalazwa hospitali? Niliitoa kwenye albamu bila kukuomba. Nikaihamishia kwenye bamba la shaba kwa tindikali, nikapaka wino, nikachapa nakala. Chini ya kila moja nikatia jina langu kwa penseli, kama desturi yetu wachapaji. Lako sikuliweka popote. Watu wakanisifu, "Lieven, una jicho wewe!" Nikashukuru. Jicho lilikuwa lako.

Nakala zikitosha, bamba hukwaruzwa lisichapwe tena. Nilitaka kukwaruza pembeni tu, kwenye maganda ya kamba. Lakini Wouter, mwenye ukumbi wa maonyesho, akataka tufanye mbele ya wageni. Akaninyang'anya msumari.

"Mzee, unasitasita kama bwana harusi! Lete hapa."

Akakwaruza toka paji la uso hadi kidevu. Watu wakapiga makofi!

"Wee, huyo ni mama yangu!"

"Ndiyo maana kapendeza," akacheka mshenzi yule. "Tuchape na hii yenye kovu. Itauzika kuliko zote."

Na mimi je? Nilikuwa na glasi ya mvinyo mkononi. Nikanywa.

Shangazi Rozemie alikuwepo. Mlangoni akaniuliza neno moja tu, "Godelieve anajua?" Sikulala.

Jana nilikwenda ukumbini nikachukua bamba na nakala zote, hakuna iliyokuwa imeuzwa. Wouter akafoka eti nimevunja makubaliano. Afoke mpaka akauke koo!

Mkwaruzo wa shaba sina la kuufanya. Penseli inafutika. Nimekaa kwenye meza ya Mama, ileile ya pichani, ambayo sasa iko kwangu, nimefuta jina langu kwenye kila nakala. Nakutumia zote, na penseli ndani ya bahasha. Tia jina lako, au zichome. Hata ukizichoma, nijibu, dada.

Nisalimie shemeji Armand na Tine wenu. Mungu awaepushe na barafu.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hakuonyesha,
Lieven