Filamu ya Mwisho ya Baba Avelina

Marehemu Wendelin Kapinga, fundi picha, Mbinga Mjini
1936 – 1996

Baba, mwaka umezunguka tangu tulipokusindikiza makaburini, na mama bado anatenga vikombe viwili vya chai kila asubuhi. Akishtuka, anakunywa vyote viwili, maana sukari haitupwi.

Mwaka mzima huo kamera yako ya Kirusi imekaa kabatini, na ndani yake filamu yako ya mwisho, ile uliyopiga Mbamba Bay ukiwa umeshaanza kukohoa. Tadei alitaka aipeleke Songea kwenye mashine za picha za rangi. Mama alikataa katakata. Alikumbuka siku ulipojaribu filamu ya rangi, ukaipeleka huko, na kijana wa dukani akakurudishia kwa huruma: "Pole mzee, hii imeungua, haina mtu hata mmoja." Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Lakini mama hakumwogopa yule kijana tu, aliiogopa filamu yenyewe. Maadamu imo kwenye kamera, ulikuwa na kazi moja hujaimaliza. Ikisafishwa isitoke kitu, kwake ungekuwa umekufa mara ya pili.

Watu wa Mbinga wanakujua kwa picha za Komunyo ya Kwanza, za harusi na za vitambulisho. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda milima yetu, kila mtu akataka picha ya rangi, na wateja wako wakapungua. Hukununa. Ulisema sasa chumba cha giza cha kusafishia filamu kimepata nafasi ya kufanya kazi yake, yaani picha za mawingu yaliyo katikati ya nyota, ambayo Bruda Wolfgang wa misheni alikuonyesha kwenye kitabu chake. Jicho huona ukungu tu, ulituambia, lakini filamu ikiachwa wazi kwa subira huonyesha yaliyomo. Jirani yetu Mzee Nazari alikuuliza kama huko juu bei ya kahawa inaonekana. "Haionekani," ukamjibu, "lakini na walanguzi hawaonekani." Tangu siku hiyo akawa rafiki yako wa kudumu.

Nyota zinahama, na kamera iliyotulia huzipiga zikiwa mistari. Ukatengeneza mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, kamera ikakaa juu, na boliti ya kusukuma ubao taratibu ufuate nyota. Bawaba uliing'oa kwenye mlango wa choo. Mama alikaa kipindi kizima akiimba kila aingiapo humo, ili tujue kuna mtu.

Boliti ilimhitaji mtu wa kuizungusha kwa mwendo usiobadilika, na saa yako haikuonekana gizani. Mama akashika rozari. Kila Salamu Maria, anazungusha kidogo. Ndiyo maana picha zako ulizipima kwa sala. Hii ya tendo moja, ulikuwa ukisema, yaani Salamu Maria kumi, ile ya matendo mawili. Mama akisali mbiombio au akisinzia, nyota zilitoka ndefu kama punje za mchele. Alihofia kwamba ni dhambi kuifanya sala kuwa saa, akamwuliza paroko. Paroko akacheka, akasema mradi anasali kweli, mkono ufanye kazi yake.

Kipupwe huku milimani ni ukungu mtupu, kwa hiyo tulishuka ziwani kwa mjomba Cuthbert. Huko ukakuta wenzako wanaolitaka giza kuliko wewe. Wavuvi wa usipa hutoka mwezi usipokuwepo, ili samaki wafuate mwanga wa karabai, na karabai hizo ziliwaka kusini magharibi, palepale lilipokuwa wingu la nyota ulilolitaka. Siku ya kwanza mlikaribia kugombana. Mwisho mkapatana: wao wasiwashe mpaka mama amalize, nawe uwapige picha watoto wao Pasaka bila malipo. Tulikuwa tukisikia sauti majini, nawe ukiijibu:

"Shemeji! Mmemaliza?"

"Bado tendo moja!"

"Salini upesi basi, usipa hawana rozari!"

Mama alicheka, akapoteza hesabu, picha ikaharibika. Hukumkasirikia hata kidogo. Tunakupenda kwa mengi, Baba, lakini kwa hilo zaidi.

Mara ya mwisho uliketi pembeni umejifunika blanketi, ukikiziba kikohozi usimtie mama wasiwasi. Wavuvi walijua unaumwa. Hakuna aliyeita. Walingoja na karabai zao bila moto mpaka mama alipofika mwisho.

Juma lililopita Bruda Wolfgang alileta dawa mpya ya kusafishia, akaiweka mezani bila kumhimiza mtu. Mama akajifungia chumba cha giza. Alikuwa mkono wako wa pili miaka yote hiyo, akaiingiza filamu kwenye kopo kwa kupapasa. Maji ya Mbinga mwezi huu ni baridi, akayapasha na kuyapima kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Muda aliuhesabu kwa Salamu Maria. Sisi tulisimama nje ya mlango tukimsikia akisali, kisha tukasikia dawa ikimwagwa, na Avelina akaanza kulia kabla hatujaambiwa neno.

"Limo," mama akasema. "Baba Avelina, limo."

Lilikuwemo. Tumelichapa kama ulivyotufundisha, tukisimama juu ya trei chini ya taa nyekundu, na karatasi ilipoanza kubadilika wote tukasema neno lako, "Linakuja, linakuja." Nyota ni duara, Baba. Hakuna hata moja iliyovutika.

Wa gazetini walitaka sura yako ya kuweka juu ya tangazo hili. Ulizipiga sura za wilaya nzima, lakini yako tumeikuta moja tu, ya kadi ya chama, umekunja uso kama unayedaiwa. Mama akawapelekea wingu. Wakamwambia kumbukumbu huwekwa picha ya marehemu. Akawajibu, "Na hiyo ni yake." Basi wasomaji wetu wasidhani ni doa la wino.

Misa itasomwa Jumamosi parokiani Mbinga. Watakuombea mwanga wa milele ukuangazie, na mama ataitikia amina. Ametuambia kwamba ataongeza kimoyomoyo wakuachie na giza kidogo.

Unakumbukwa na mkeo Hildegardi, wanao Avelina na Tadei, wajukuu zako Edina na Norbert, shemeji yako Cuthbert na wavuvi wenzake wa Mbamba Bay, Bruda Wolfgang, na Mzee Nazari.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na tutakutazama.