Ajali ya Kumi na Tano Kwenye Kona Yangu

Penina, acha kila kitu usome hii.

Yule meneja wa shamba la kahawa ametumbukia mtaroni na gari lake. Kona ile ile! Mbele ya nyumba yangu!

Unakumbuka alichosema kwenye mkutano wa kijiji, niliposoma daftari langu la ajali za kona hiyo, zote kumi na nne? "Huyu mama anatunga. Barabara ya Oldeani haina shida." Watu wakacheka. Natunga! Na kaka yangu Emilian alifia hapo hapo, ni wa tisa kwenye daftari.

Leo kaja kwa miguu, tope mpaka magotini. "Mama, naomba maksai wako wanivute."

Nikamwambia wapo. Ila kwanza andika.

"Niandike nini?"

Nikampa daftari na kalamu. Tarehe, jina, gari, mahali. Kwa mkono wake, Penina! Kwa mkono wake! Nikamfungulia ukurasa alipo Emilian.

Akausoma wote. Akaandika.

Nimeshapiga picha, nimeitupa kwenye grupu la kijiji.

Sasa kakaa hapa kwenye kigoda, anasubiri maksai wanywe maji. Mimi sina haraka.