Pini Iliyorudi Rafuni

Ibadakuli, Shinyanga

Mke wangu mpenzi, Mama Agnesi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi na ng'ombe wengi kuliko watu. Mimi ni mzima, na mdogo wako Filberti ni mzima, tena amenenepa kwa ugali wa Wasukuma. Wewe na watoto hamjambo? Kikohozi cha Agnesi kimepoa? Kahawa mmeanza kuchuma?

Barua yako nimeipata. Umenijia juu kwamba Filberti asipande helikopta kwenda Geita na wapimaji wa miamba, ingawa mwenyewe anaitaka mno kazi hiyo, amechoka kuchimba mitaro ya uwanja. Umesema ulinikabidhi mtu, hukunikabidhi mzigo. Sikukasirika. Ngoja nikueleze lililotokea wiki iliyopita bila kukuficha, kisha uamue.

Juu ya helikopta kuna pini za chuma zinazoshika pangaboi. Zina umri wake. Saa zake za kuruka zikitimia sisi mafundi tunazitoa, hata kama zinang'aa. Wewe unayeziba sufuria kiraka juu ya kiraka ungetuita wafujaji. Lakini chuma huchoka ndani kwa ndani, jicho halioni, na kule angani hakuna pa kusimama ukatengeneze.

Basi jioni moja tulitoa pini iliyomaliza saa zake, tukaitupa kwenye pipa, mpya tuifunge kesho yake. Mpishi wetu, Mzee Masanja, akaiona. Kwao jembe halitupwi mpaka liishie mkononi. Akadhani tumeitupa kwa bahati mbaya, maskini, akaifuta, akaipaka mafuta, akairudisha rafuni kwenye vipuri vipya.

Asubuhi nikanyoosha mkono, nikaichukua hiyo hiyo. Nilishaifikisha kwenye mashine ndipo nikashtuka: pini mpya huja imefungwa karatasi ya nta, na hii iko uchi. Nikatazama namba yake. Ni ile tuliyoitoa. Nikaiweka chini, mke wangu, nikaenda kuuliza nani ameirudisha rafuni.

Mzee Masanja alipoelezwa aliumia sana. "Wanangu, nilijua nawasaidia," akasema. Hakuna aliyemgombeza. Tangu siku hiyo pini ikitoka tu tunaikata kwa msumeno papo hapo, isiweze kurudi popote. Vipande vya ile pini tulimpa yeye. Kimoja amekitundika jikoni, anakigonga kutuita kula. "Wabeja," anatushukuru kwa Kisukuma, "angalau hakikupotea bure."

Pini mpya niliifunga kwa mikono yangu, mkuu wa mafundi akaikagua. Na hapa kwetu fundi aliyefunga ndiye anayepanda kwanza, mashine ikijaribiwa. Nikapanda. Niliogopa, sikudanganyi. Tukazunguka juu ya mashamba ya pamba, tukatua vizuri, na furaha niliyoisikia sijui nikwambieje. Filberti alikuwa pembeni, meno yote nje, akaniuliza zamu yake lini. Nikamjibu dada yake hajasema.

Nisalimie mama mkwe, kaka yangu mkubwa na mkewe, na jirani yetu fundi cherehani. Agnesi mwambie baba anamkumbuka kila siku.

Ukikataa, Filberti atabaki na mitaro yake, wala sitanung'unika. Ukikubali, ujue hatapanda mashine niliyoifungua bila mimi kuipanda kwanza.

Ni mimi mumeo,
Baba Agnesi