Mwenye Uzamili Asingeshuka

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi, na kabla ya yote niambie, unalalaje siku hizi? Kifua bado kinapiga mluzi ukipanda ngazi? Macho je, yametulia? Mama anasema umeanza kumtania tena, nami nikafurahi, maana mgonjwa anayemtania mama yetu bado hajakata tamaa. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii isome mwenyewe, hata kama ni kidogo kidogo. Usimpe Mama akusomee. Kwa simu nisingeweza. Ningeisikia pumzi yako, nikaishia kuropoka habari za mvua.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipomaliza uzamili? Ulisema, Profesa, sasa umesoma mpaka umepitiliza kituo. Ulitania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kiwanda cha rangi waliniambia wanataka mhandisi wa mazingira mwenye shahada ya kwanza, kwa kuwa mwenye uzamili hakai, tena hapendi kuchafua buti. Kampuni ya washauri ikasema kwao uzamili ni mdogo, wanataka mwenye uzamivu, jina lake lipendeze kwenye jalada la ripoti. Kwenu kiwandani pia nilinyimwa, ukachukuliwa wewe na shahada yako moja, na kusema kweli nilikuonea wivu huku nikikupigia makofi.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda chenu kimebandika tangazo getini. Wanatafuta mhandisi wa kusimamia mitambo ya majitaka, na safari hii kama huna uzamili usijisumbue. Najua meneja wako alimwahidi Mama kwamba nafasi yako inakusubiri. Haikukusubiri. Iliyotangazwa ni hiyo hiyo yako.

Taarifa yao ya ajali inasema ulishuka kwenye shimo la pampu bila kupima gesi kwa sababu kiwango chako cha elimu hakikutosha kuitambua hatari. Nilipoambiwa niliuma meno. Wewe ndiye uliyenieleza, tumekaa jikoni, kwamba gesi ile hunuka kama mayai viza, na ikizidi hainuki tena, pua inakuwa imekufa ganzi. Tena ulinilalamikia kwamba kipima gesi chenu kimeharibika, umeomba kingine mpaka unaonekana msumbufu, na pampu ikiziba meneja anasimama juu ya shimo akiuliza unangoja nini.

Pamoja na kuyajua hayo yote, niliiomba ile kazi. Nilijikaza kisabuni nikaenda kwenye usaili. Meneja wako alikaa katikati, akijipepea kwa karatasi, na mwanasheria wao pembeni. Waliniuliza mambo mepesi ya mabwawa na kemikali. Kisha meneja, kwa upole kabisa, akaniuliza kama mhandisi mwenye uzamili angeshuka kwenye shimo lile siku ile. Alijua mimi ni dada yako. Ndiyo maana aliuliza.

Nikajibu kwamba asingeshuka.

Hilo ndilo ninalolizungukia tangu mwanzo wa barua. Mwanasheria aliniomba nilirudie polepole, aliandike vizuri, nami nikalirudia. Nilipewa kazi pale pale. Mama akienda tena kulalamika, ataonyeshwa kwamba hata dada yako, mhandisi mwenzako, anakubaliana nao kuwa kosa ni lako.

Sitakudanganya kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya dawa zako. Nilichoka kukaa nyumbani nikiitwa msomi na watu wanaocheka wakiniita. Nilitaka kazi, basi. Naona haya, na kuona haya kwangu hakukusaidii kitu.

Leo nimekabidhiwa kofia ngumu. Ndani yake kuna kile kitambaa ulichokishonea ili isikuumize kwenye paji la uso. Nimekiacha hapo hapo. Mchomeleaji, yule aliyekuvuta kwa kamba, alinisalimia vizuri, akaiona kofia, akageuka akaenda zake. Nilimfuata nikamuuliza kipima gesi kipya kinawekwa wapi. Akasema hakuna kipya. Nikaenda kwa meneja, naye akacheka, akaniambia wamechukua mwenye uzamili ili wasihangaike na vifaa, kwa elimu yangu nitaijua hali ya shimo nikilitazama tu. Nilitaka kumkumbusha jibu langu la kwenye usaili. Badala yake nikaivaa kofia, nikatoka.

Pampu imeziba tangu mchana. Kesho asubuhi nashuka.

Endelea na yale mazoezi ya kupumua hata kama yanakuchosha. Nisalimie sana Mama, mwambie nimepata kazi. Usimwambie wapi. Nawe ukipata nguvu ya kunijibu, usinijibu kwa upole.

Ni mimi dada yako,
Profesa